Nani Akae na Nani: Utangulizi wa Mimea Rafiki kwa Bustani za Simiyu

Ukiingia uani kwa mtu wa Bariadi mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeshika, ni nadra ukute mmea umekaa peke yake. Maboga yametambaa chini ya mahindi. Kunde zimejipenyeza palipobaki nafasi. Mlenda umeota wenyewe na mama mwenye mji ameuacha kwa makusudi, na upande wa zizi, pale samadi ilipomwagika, mgagani umesimama hadi kiunoni. Ukimuuliza mayu huyo kama analima kilimo cha mimea rafiki, atakushangaa. Yeye amepanda mboga.

Utangulizi huu ni kwa yeyote anayetaka kuelewa kinachoendelea katika ua ule: mwanafunzi wa kilimo, ofisa ugani aliyepangiwa kata asiyoijua, mwalimu mwenye bustani ya shule, au mkulima mwenyewe aliyechoka kuambiwa "changanya mazao" bila kuelezwa kwa nini. Karibu. Somo hili halina mlango mgumu. Linauliza: mmea huu ukikaa karibu na ule, nini kinabadilika katika maji, mwanga, chakula cha udongoni na wadudu? Kazi iliyobaki ni kulijibu swali hilo pale ulipo. Na hapo ndipo nina neno la kusema, kwa sababu majibu mengi yanayozunguka katika vijitabu na simu zetu hayakutafutwa hapa. Yalitafutwa kwenye bustani za nchi za baridi. Bustani ya Bariadi imezungukwa na pamba, na jambo hilo pekee linabadilisha karibu kila ushauri utakaousoma.

Tuanze na historia kidogo, mtu asije akadhani kuchanganya mimea kumeletwa na mradi fulani. Wakati wa ukoloni Usukuma ulitazamwa kama nchi ya pamba na ng'ombe. Ofisa kilimo alipenda mistari iliyonyooka na zao moja shambani, maana ni rahisi kulikagua na rahisi kukadiria mavuno. Shamba la mwanamke lenye mtama, karanga, kunde na maboga kwa pamoja lilionekana vurugu. Kisha mwaka 1947 Uingereza ikaanzisha mradi wake mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, zao moja kwenye maelfu na maelfu ya ekari, kwa matrekta. Mwaka 1951 mradi ukafungwa kwa hasara kubwa. Sababu zilikuwa nyingi, udongo na ukame zikiwamo, kwa hiyo nisingesema karanga zilikufa kwa upweke. Lakini inafurahisha kwamba mwaka 1960 mtafiti A. C. Evans alichapisha katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki majaribio yaliyofanyika Tanganyika hii hii, ya mahindi au mtama uliochanganywa na karanga, na mara nyingi eneo la mchanganyiko lilitoa zaidi kuliko mazao hayo yakitenganishwa. Vurugu ya yule mama ilikuwa imepimwa, na hesabu ilikuwa upande wake.

Kipimo chenyewe inafaa ukijue mapema, kwani utakutana nacho kila mahali. Mwaka 1980 R. Mead na R. W. Willey walikifafanua vizuri. Tuseme tuta moja la mchicha peke yake linakupa ndoo 10 kwa msimu, na tuta jingine la bamia peke yake nalo ndoo 10. Ukichanganya viwili hivyo kwenye tuta moja la ukubwa uleule, unapata ndoo 7 za mchicha na ndoo 6 za bamia. Mchicha umetoa sehemu 0.7 ya uwezo wake, bamia 0.6, jumla ni 1.3. Maana yake, ili kupata mboga hizo bila kuchanganya, ungehitaji tuta moja na karibu theluthi ya tuta jingine. Sasa angalia jambo ambalo vijitabu hulificha: kila mmea umetoa pungufu. Hakuna aliyenufaika kwa kukaa na mwenzake. Aliyenufaika ni mwenye ardhi, na mwenye maji ya kumwagilia, na mwenye mgongo unaouma kwa kulima matuta. Neno "rafiki" tunalitumia kwa mazoea. Ukilichukua kwa uzito sana litakupoteza.

Lilishawapoteza wengi. Mwaka 1975 Louise Riotte wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Carrots Love Tomatoes, na tangu hapo majedwali ya nani anampenda nani yameenea dunia nzima, hadi kwenye vikundi vya wakulima wetu. Kitunguu kipandwe na karoti, yanasema, kimfukuze inzi wa karoti. Ushauri mzuri, isipokuwa inzi huyo ni mdudu wa nchi za baridi, na mkulima wa Dutwa au Nkololo anamfukuza mgeni asiyewahi kubisha hodi. Kitunguu kisipandwe na maharage, yanasema tena, vitagombana. Ushahidi wa ugomvi huo ni hafifu. Simdharau mwandishi yeyote aliyewafanya watu wapende bustani. Ila jedwali la namna hiyo haliwezi kusafiri, kwa sababu nusu ya habari iliyomo ni ya wadudu, na wadudu wana nchi zao.

Kinachosafiri ni sababu. Huko Wellesbourne, Uingereza, watafiti Stan Finch na Rosemary Collier walikaa miaka mingi wakiwatazama wadudu wa kabichi, na mwaka 2000 wakaandika maelezo ninayoyaona kuwa mazuri kupita yote katika somo hili. Mdudu jike anayetafuta pa kutaga huongozwa na harufu hadi jirani na mimea. Akishafika juu yake, macho ndiyo yanayomshusha, na macho yake hayachagui: hutua juu ya chochote cha kijani. Akitua, anatembea juu ya jani huku akilionja kwa miguu. Jani likiwa ndilo, anaruka kidogo na kutua tena, kisha tena, na ni mpaka apate jani sahihi mara kadhaa mfululizo ndipo anataga. Sasa weka kabichi kwenye udongo uliopaliliwa ukawa mweusi mtupu. Kila kijani anachokiona ni kabichi. Hakosei hata mara moja. Weka kunde au mlenda kati ya kabichi hizo, naye anatua kwenye jani lisilo lake, hesabu inaanza upya, na akikosea mara nyingi anaenda zake.

Watafiti hao walijaribu hata mimea ya bandia ya rangi ya kijani, isiyo na harufu yoyote, nayo ikawapotosha wadudu. Mwaka 2003 wakauliza tena kama mimea yenye harufu kali inawachanganya wadudu wa kabichi na wa kitunguu kuliko isiyo na harufu. Jibu likawa hapana. Kwa hiyo unaposikia kwamba kivumbasi "kinafukuza wadudu bustanini", jiulize kwanza kama si ukijani wake tu unaofanya kazi, kazi ambayo mlenda ungeifanya bure na ukaliwa jioni.

Kwa mkulima wa Simiyu hili lina tokeo moja lisilopendeza: palizi safi kupita kiasi kwenye tuta la chainizi au sukuma wiki ni mwaliko. Sisemi uache magugu yale maji yako. Nasema nafasi kati ya miche ijazwe na kijani unachokitaka wewe.

Ipo mimea michache ambayo harufu yake kweli ina kazi, na bahati nzuri mmoja wao tunao. Mgagani umepimwa nchini Kenya ukipandwa kati ya mawaridi ya biashara, na utitiri mwekundu ukapungua kwenye mawaridi hayo. Harufu hiyohiyo ilishaonekana kuwafukuza kupe pia. Mtu aliyekulia kwenye boma la ng'ombe atakubali kwamba mboga inayosumbua kupe na kukaushwa iwe nsansa ya kiangazi imejilipia nafasi yake. Utitiri hupenda joto na ukavu, kwa hiyo mstari wa mgagani kando ya nyanya au mnafu una faida zaidi kuanzia mwezi wa sita kwenda mbele, mvua zikishakatika.

Baada ya ukijani na harufu, njia ya tatu ya mmea kumsaidia mwenzake ni maadui wa wadudu. Richard Root, aliyefanya kazi New York, aliandika mwaka 1973 kwamba mchanganyiko wa mimea hupunguza waharibifu kwa njia mbili: chakula chao hakijarundikana mahali pamoja, na walao wadudu wanapata makazi. Njia hii ya pili inahitaji maua. Nyigu wadogo, wengine si wakubwa kuliko mbegu ya mchicha, hutaga mayai yao ndani ya viwavi na vidukari, lakini nyigu mzima hula utamu wa maua. Giligilani ikiachwa ichanue inawalisha. Huko Brazil watafiti walipanda giligilani kati ya nyanya, wakaona walao wadudu wameongezeka na yule kipekecha jani tunayemwita kanitangaze amepungua. Kwetu kanitangaze aliingia mwaka 2014 kupitia Arusha, na jina alilopewa linaeleza alichofanya kwenye mashamba ya watu. Giligilani haitamshinda peke yake. Itampunguza, na kwenye bustani ya miche 30 kupungua huko, pamoja na kuchuma na kuzika majani yaliyotobolewa, kunaweza kutosha.

Sasa pamba.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu, Busega: kote huko ua wa mboga ni kisiwa kidogo ndani ya pamba, mahindi, mtama, dengu na choroko. Mtaalamu wa bustani aliyesomea pengine huanza kuhesabu majirani kutoka kwenye ukingo wa tuta. Huku tunaanzia nje ya uzio.

Mchukue funza wa vitumba. Anakula vitumba vya pamba, ndiyo, lakini pia ndevu za mahindi machanga, mtama, mbaazi, dengu na nyanya. W. Reed, akifanya kazi Ukiriguru, alichapisha mwaka 1965 uchunguzi wake wa mdudu huyu katika Tanganyika ya magharibi, na mwaka 1988 B. T. Nyambo akaonyesha kwa eneo hilohilo kwamba ukubwa wa balaa kwenye pamba unategemea mimea gani mingine ipo, na inachanua lini. Fuata kalenda. Mahindi ya mwanzo yanatoa ndevu, nondo anataga hapo. Pamba inaweka vitumba, anahamia. Mwezi wa nne na wa tano mbuga zina dengu zilizopandwa kwenye unyevu uliobaki, na dengu zikitoa maua meza imeandaliwa tena. Kisha mwezi wa saba, wa nane, nchi ikiwa kavu, kijani pekee chenye matunda laini ni nyanya zilizomwagiliwa kando ya mto Simiyu na kando ya malambo, na ile miche kumi na mbili nyuma ya jiko lako. Mtu anashangaa nyanya zake zimetobolewa wakati bustani yake ni safi na ameizungushia vitunguu saumu. Nondo hakutoka bustanini. Alitoka mbugani.

Je, mmea jirani unaweza kusaidia hapo? Unaweza, kwa hila. Nondo huyu anapenda sana ndevu changa za mahindi. Mstari mmoja wa mahindi, uliopangwa ili ndevu zitoke wakati nyanya zinachanua, unavuta sehemu ya mayai. Na viwavi wake ni wakatili wao kwa wao. Wakiwa wengi ndani ya hindi moja wanatafunana, wanabaki wachache. Ugumu ni tarehe. Mahindi yakitangulia wiki tatu, ndevu zimekauka na umemfugia mdudu kwa gharama yako. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika somo hili tarehe ya kupanda ina uzito sawa na umbali wa kupanda, na majedwali ya nani anampenda nani hayana safu ya tarehe.

Bamia nayo ina siri. Kwa ukoo, bamia na pamba ni ndugu wa karibu. Tazama ua lake la njano lenye moyo wa zambarau iliyoiva, kisha tazama la pamba. Undugu huo wadudu wanaujua. Kangambili, chawajani, inzi weupe na yule funza mwenye vijimiiba mgongoni hula kwa wote wawili. Mkulima wa pamba anatakiwa kila baada ya msimu ang'oe masalia na kuyachoma ili mdudu akose pa kuvushia kiangazi. Anafanya hivyo, anachoma shamba zima, halafu nyumbani bamia zinamwagiliwa kwa maji ya vyombo hadi mwezi wa kumi. Sisemi watu wasile bamia. Ila ukitaka kuziweka kiangazi, ziwe chache, uzikague chini ya majani, na usizipange kando ya biringanya au nyanya, maana inzi weupe hawana ubaguzi.

Jambo moja zaidi kuhusu pamba, nalo ni la afya kuliko la elimu ya mimea. Dawa inayopulizwa kwenye pamba haisomi mipaka. Mchicha uliopandwa kwenye ukingo wa shamba la pamba kwa sababu "pale pana nafasi" unapata dawa isiyokusudiwa kwa mboga, na nyigu wote uliowakaribisha kwa giligilani wanakufa siku hiyohiyo. Uzio mnene wa matete, minyaa au mahindi upande wa upepo hupunguza. Umbali hupunguza zaidi.

Tukirudi ndani ya uzio, chini ya miguu. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo wanasayansi waliyapokea mapema na bado wanayatumia: luseni, mchanga wa mwinuko, itogolo, udongo wa kijivu wa mteremko, mgumu chini, mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Ni kutokana na miteremko ya Afrika Mashariki kama hii kwamba Geoffrey Milne, mkemia wa udongo wa kituo cha Amani, alitoa mwaka 1935 wazo lake kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni ni mnyororo mmoja, wazo linalofundishwa sasa kila mahali duniani. Kwa mimea rafiki maana yake ni kwamba kata moja ina majibu matatu. Kwenye luseni maji yanapita upesi na chakula cha mmea kinapita nayo. Hapo mchanganyiko wenye kunde na matandazo ya nyasi unalipa haraka. Kwenye mbuga chakula kipo, tatizo ni maji kutuama masika na mizizi kukatika udongo ukipasuka; hapo tuta liinuliwe, na maboga yanayofunika ardhi yana kazi kubwa kuliko kunde, kwa sababu udongo uliofunikwa unachelewa kupasuka.

Kuhusu kunde na jamii yake, naomba tuwe wakweli. Ng'oa mche wa kunde wenye wiki sita, taratibu, utikise udongo. Kwenye mizizi utaona vifundo vidogo kama vimebandikwa. Kata kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Hilo unaweza kulionyesha darasa zima kwa dakika mbili, na hakuna anayelisahau. Lakini watu huongeza hapo neno ambalo si kweli, kwamba kunde zinailisha nyanya iliyo pembeni yake. Wakati kunde iko hai, sehemu kubwa ya chakula hicho inakaa nacho yenyewe. Jirani anapata zaidi baadaye, majani na mizizi ikioza. Na mayu anayechuma majani ya kunde kila jioni anaihamishia naitrojeni hiyo chunguni, kama anavyopaswa. Kwa hiyo ukimaliza kuvuna, kata kunde kwa kisu usawa wa ardhi, mizizi ibaki, na pale pale panda chainizi au sukuma wiki. Urafiki wa kunde ni na zao linaloifuata.

Kwa sababu hiyo hiyo ya wakati, ua la tagetesi, yale maua ya njano na machungwa ya bustani za mjini, limeeleweka vibaya. Mizizi yake ina sumu dhidi ya minyoo fundo, ambayo watafiti wa Uholanzi waliitenga mwaka 1958. Mtu anapanda maua manne kando ya nyanya na kungoja muujiza. Sumu ile inafanya kazi karibu sana na mizizi ya tagetesi yenyewe, kwa hiyo faida kubwa inapatikana ukilijaza tuta zima kwa miezi miwili au mitatu kabla ya nyanya. Bangi mwitu, gugu linalosumbua mashamba ya mahindi nyanda za juu, ni wa ukoo huohuo.

Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na mnafu ni ukoo mmoja. Usizipange pamoja wala zisifuatane tuta moja, kwa sababu mnyauko wa bakteria hukaa udongoni ukisubiri mwingine wa ukoo. Hiyo inatosha.

Kivuli kinahitaji maneno machache tu zaidi. Vitabu vya kaskazini vinaonya mmea mrefu usizibe jua. Jua la Bariadi la mwezi wa tisa halihitaji kutetewa. Mlonge uliokatwa kichwa, papai, au mahindi yaliyopandwa kwa nafasi upande wa magharibi wa tuta huokoa mboga za majani kwenye saa zile za mchana zinazozilaza. Mti uwe wenye mizizi ya adabu. Mkaratusi hauna.

Huwezi kufundisha somo hili Kanda ya Ziwa bila kiduha, ingawa ni adui wa mtama na mahindi kuliko wa mboga, kwa sababu ndani yake kuna mfano mzuri kupita yote wa mimea kuzungumza chini ya ardhi. Mbegu ya kiduha ni vumbi. Mche mmoja unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikiwa zimelala, hadi mzizi wa mmea ulio karibu utoe kemikali fulani. Ikipata ishara hiyo, mbegu inaota na kuukamata mzizi. Kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa ilitangazwa Marekani mwaka 1966, na ilitolewa kwenye mizizi ya pamba. Pamba haishambuliwi na kiduha. Inaiamsha mbegu, mbegu inatoa kamzizi kake, haikuti pa kushika, inakufa. Zao ambalo nimelilaumu kurasa nzima kwa kutuletea funza linasafisha udongo kwa ajili ya mtama unaofuata. Ndiyo raha ya kazi hii: hakuna mmea ambao ni jirani mbaya kwa kila jambo.

Kutokana na ujuzi wa namna hiyo, Zeyaur Khan na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kule Mbita kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, walitengeneza miaka ya 1990 utaratibu wa "sukuma-vuta". Desmodiamu inatambaa kati ya mahindi. Harufu yake inawasukuma nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake inaiharibu kiduha. Matete yamezunguka shamba, yanawavuta nondo hao wakatage huko, ambako wengi wa watoto wao hawaishi. Na vyote viwili ni malisho ya ng'ombe, jambo ambalo kwa Msukuma si dogo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Tanzania mwaka 2017 utaratibu huo umesaidia dhidi yao pia. Kwa bustani ya nyumbani desmodiamu ni mmea wa kudumu na ina ubishi. Iweke kwenye kishamba cha mahindi nyuma ya nyumba, isiingie kwenye tuta la mchicha.

(Kwa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa, ambako mharibifu wa bustani ana mkonga, uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki, ni masomo ya jirani na hili. Kivumbasi hakitamzuia tembo.)

Basi anza hivi. Chagua matuta matatu yanayofanana udongo na jua: moja la sukuma wiki tupu, moja la kunde tupu, moja la mchanganyiko, mstari kwa mstari. Yamwagilie kwa ndoo sawa, hiyo ndiyo sehemu watu wanayodanganya bila kujua. Mavuno yapime kwa chombo kimoja, sado au mzani wa duka, na uandike kwenye daftari kila uchumapo, pamoja na tarehe, na mashimo uliyoyaona kwenye majani kumi unayoyachagua bila kupendelea. Andika pia jirani yako nje ya uzio amepanda nini na anapuliza dawa lini. Mwisho wa msimu fanya ile hesabu ya Mead na Willey. Ikizidi moja, rudia msimu unaofuata kabla ya kumtangazia mtu. Anza na mvua za mwezi wa kumi na moja, kwa sababu wakati huo kosa la kumwagilia halikuharibii hesabu. Bustani ya kiangazi ina hesabu ya maji ambayo inataka sura yake yenyewe, na ndiyo inayofuata.